Bwawa ni langu, uchafu ni wenu: nimechoka kuwa dobi wa wageni!

Wakuu, salamu baadaye. Naandika nikiwa kando ya bwawa, wavu mkono mmoja, simu mkono mwingine, na hasira zimenifika hapa kooni.

Jana walikuja. Shemeji, wifi, watoto wao, marafiki wa watoto wao, na kijana mmoja ambaye mpaka sasa hakuna anayekiri kumjua. Wakaogelea, wakacheka, wakapiga picha. Giza lilipoingia wakaaga kwa mikono miwili, "asanteni sana, mmetukarimu". Hakuna aliyeinama kuokota hata kandambili yake mwenyewe. Zimebaki tatu, zote za mguu wa kushoto. Sijui wamerudije nyumbani.

Alfajiri nimeamshwa na pampu. Wenye mabwawa mnaujua ule mlio: pampu ikipata maji inavuma taratibu, ikivuta hewa inakoroma kama mtu mwenye mafua. Nikatoka mbio na nguo za kulalia, nikaizima, nikafunua kile kikapu cha ukingoni kinachonasa takataka. Nimetoa majani, plasta ya kidonda, kipande cha boya lililopasuka, na soksi. Soksi ya mtoto, imejikunja vizuri kabisa kwenye tundu kama kizibo. Kikapu kikiziba maji hayafiki kwenye pampu, inazunguka kavu, inapata moto, na ule mpira mdogo unaozuia maji pale kwenye mota unaungua. Ukishaungua pampu inavuja, na mota nayo inafuata. Yote hayo kwa ajili ya soksi. Jamani, nani anaingia kwenye maji na soksi?

Hiyo ndiyo nafuu. Subirini.

Nimebandika ukutani tangazo kubwa kama sinia: HAKUNA GLASI KANDO YA BWAWA. Mwezi uliopita shemeji, mtu mzima na ndevu zake, akasimama mgongo ukiwa umegusa hilo hilo tangazo, glasi mkononi. Ikamponyoka, ikapasukia ukingoni, vipande vingine vikaruka majini. Akainama, akapapasa kidogo, akaniambia, "Usijali shemeji, nimeokota vyote." Umevionaje? Kioo cheupe ndani ya maji hakionekani, unakiona pale kinapokuwa ndani ya unyayo wa mtoto. Bwawa langu ni mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5. Pigeni hesabu wenyewe: lita 48,000. Nilizimwaga zote. Nikashuka na glovu na tochi, nikatambaa kwa magoti kigae kwa kigae. Nikapata vipande vinne. Aliyeokota "vyote" alikuwa ameshalala kwake.

Leo asubuhi nimekuta glasi nyingine chini ya kiti cha kujilaza. Nzima, namshukuru Mungu, na ina mdudu ndani.

Taulo sitaki hata kuzisemea. Nimegongomea vigingi vinane ukutani, kila kimoja na rangi yake, na taulo zote ziko sakafuni zimelowa na kuviringana. Tuendelee.

Hapa ndipo nilipotetemeka. Uzio wa bwawa langu una kimo cha mita 1.2 na geti linajifunga lenyewe. Sikuliweka kwa urembo. Nimekuta jiwe limebanwa chini ya geti ili libaki wazi, eti watu wasisumbuke kufungua na kufunga. Viti viwili vimesukumwa mpaka vimeegemea uzio, ngazi tayari kwa mtoto yeyote anayejua kupanda kitanda. Na katikati ya maji, boya la bata linaelea peke yake. Mwenye akili timamu aniambie, mtoto wa miaka mitatu akiona bata yule atafanya nini? Atamfuata. Na mtoto anayezama hapigi makelele wala harushi mikono kama kwenye sinema. Anazama kimya, wewe ukiwa umegeuka kujibu ujumbe. Ndiyo maana nasema kila siku: wa mwisho kutoka majini anatoa kila kinachoelea, viti vinakaa mbali na uzio, geti lifungwe. Naambiwa nina gubu.

Haya, banda la pampu. Dawa za maji nilizipanga mimi mwenyewe: klorini ya unga upande mmoja, klorini ya vidonge upande mwingine, kila kopo na kichota chake kikavu, na asidi mbali kabisa, chini, peke yake. Shemeji huyo huyo "akanisaidia kupanga ili pavutie". Nimekuta makopo yote rafu moja, makubwa nyuma, madogo mbele, kama ya duka. Asidi juu ya klorini! Na kichota cha vidonge kimetumbukizwa kwenye unga kikiwa kibichi. Yeye anaona ni dawa za bwawa tu, zote jamii moja. Hizo aina mbili za klorini zikichanganyika zinaweza kuwaka moto, hata kulipuka. Asidi ikidondokea klorini inatoa gesi ya sumu, ile ile waliyopuliziwa askari kule Ubelgiji mwaka 1915 katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Nimemweleza kwa simu. Akasema, "Mbona hapakutokea kitu?"

Wifi naye hakukosa lake. Jana kanikunjia uso: "Maji yenu yana klorini nyingi mno, macho yanawasha." Nikanyamaza kwa heshima. Wageni walipoondoka nikapima: miligramu 0.5 kwa lita, wakati inatakiwa isipungue 1, na wengi tunaiweka kati ya 1 na 3. Ile harufu kali na kuwasha macho si klorini kuzidi. Ni klorini iliyokwisha kukutana na jasho, mafuta ya ngozi na mkojo, ikachoka. Mkojo wa nani sitaji, lakini watoto walikuwa saba na mlango wa choo haukufunguliwa mchana kutwa. Bafu la nje la kujimwagia kabla ya kuingia liko hatua nne kutoka majini, sakafu yake kavu. Sasa vigae vya juu vimezungukwa na mstari wa mafuta rangi ya chai, na anayeusugua kwa brashi ni mimi.

Kama kusingekuwa na mahali pa kuweka vitu ningejilaumu mwenyewe. Mahali papo! Vigingi vipo. Kapu la kandambili lipo mlangoni. Kasha la vifaa vya kuchezea lipo, ingawa na lenyewe lina kesi yake: aliyeniuzia aliapa haliingizi maji, nimelifungua leo nikakuta maboya yanaelea ndani yake. Yaani nina mabwawa mawili. Kweli haliingizi, linayahifadhi! Na viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinapinduka pinduka humo. Bwawa lenyewe halina mbu maana maji yanazunguka na yana dawa. Mbu wanatoka kwenye kasha, kwenye ndoo za watoto, kwenye mikunjo ya lile turubai la kufunikia. Nimetoboa kasha matundu manne chini, nimelipandisha juu ya matofali mawili.

Baba watoto anasema niwaache, ni wageni. Ni rahisi kwake kusema. Hajui hata wavu unashikwa upande gani.

NYONGEZA: Mnaoniambia "weka mtu wa kusafisha", mmesoma nilichoandika? Msafishaji atakuja asubuhi. Jiwe kwenye geti liliwekwa jioni.

NYONGEZA 2: Aliyeuliza nimeamua nini. Jumamosi wanataka kuja tena. Nimewatumia ujumbe kwenye kundi la familia: glasi zinabaki ndani ya nyumba, kila mtu anajimwagia maji kwanza, banda la pampu lina kufuli, na nusu saa kabla ya kuondoka kila mtu anatoka majini tunaokota pamoja. Wifi amejibu kwa kidole gumba. Shemeji amesoma, hajajibu.

Mwenye kujua kasha la nje ambalo kweli mvua haiingii aniandikie hapa chini. Na lile taulo la njano lililobaki, kama mwenyewe hajalifuata kufikia kesho, nalikata kupangusia pampu.