Lupita kwenye Us: ni mtu mmoja kweli?

Wa Tandika
Wakuu, habari za jioni. Jana nimewekewa muvi ya kutisha ya Us kwenye flashi, ile iliyotafsiriwa. Mdogo wangu kakomaa kwamba yule mama, Adelaide, na yule wa ovaroli nyekundu mwenye mkasi wa dhahabu, Red, wote ni Lupita Nyong'o. Mimi nilijua wamechukua mapacha. Halafu sifa zote hizo za nini? Nimeona kukimbizana tu.

Binti Magomeni
Mdogo wako yuko sahihi, ni yeye wote wawili. Kilichokuponza ni tafsiri, kaka. Watafsiri wetu nawapenda, hela yangu ya maandazi iliishia kibanda umiza. Ila muvi hii mtafsiri akifunika sauti za waigizaji kaiua, maana kazi ya Lupita iko kooni. Tafuta pale Red amekaa sebuleni anasimulia habari za msichana na kivuli chake. Sauti inakwaruza, inakatika katikati ya neno, anavuta pumzi ndiyo amalizie. Wenzake wote waliotoka chini ya ardhi wanaguna na kupiga kelele tu, anayeongea ni yeye peke yake. Sababu iko mwishoni, sikuharibii.

Mwaka 2019 Lupita alieleza kwamba sauti ile ilianzia kwenye maradhi ambayo misuli ya sauti hujikaza yenyewe mtu akiongea. Wenye maradhi hayo waliumia, akawaomba radhi. Alifanya vizuri. Shangazi yangu sauti yake hukatika hivyo hivyo, wateja walikuwa wanamkatia simu wakidhani mtandao mbovu. Nilipomsikia Red mara ya kwanza nilisimamisha muvi, nikakaa kwanza.

Mzee wa Filamu
Kwa mwenye historia yake: kazaliwa Mexico City mwaka 1983, wazazi Wakenya, kakulia Kenya. Alicheza tamthilia ya Shuga, akasomea uigizaji chuo cha Yale, Marekani, na mwaka 2014 akabeba Oscar kwa muvi ya 12 Years a Slave. Kwa Us, Oscar hata kumteua hawakumteua.

Binti Magomeni
Hilo linaniuma mpaka leo, mzee wangu. Wakosoaji wa filamu wa New York walimpa mwigizaji bora wa kike mwaka ule, kwa hiyo si sisi mashabiki tu tuliomwona. Wa Tandika, ukirudia mwangalie na mwili. Red mgongo umenyooka, hageuki ovyo. Adelaide kwenye gari anamfundisha mwanawe kufuata mdundo kwa kupiga vidole. Sikiliza vidole vyake hapo.

Wa Tandika
Nimeipata isiyotafsiriwa, tunaangalia sasa hivi na dogo, sauti juu, feni tumezima. Hapo kwenye gari nimerudisha mara tatu. Dada, vidole haviendi na mdundo kabisa! Ngoja nifike sebuleni.