Traveller ya mbao: Morris Minor au Mini? Naombeni ushauri kabla sijatoa pesa

Mpenda_Mbao: Wadau, nimechoka na magari ya siku hizi, yote sura moja. Nataka stesheni wagoni ya zamani yenye mbao ubavuni. Nimebakiwa na mbili: Morris Minor Traveller ya 1968 na Mini Traveller ya 1965. Mwenye Minor anataka jibu Jumamosi. Nichukue ipi?

Bisibisi: Mkuu, hilo ni nusu ya swali. Uko wapi? Bajeti? Gari litalala ndani au nje? Chini umechungulia? Hizo mbili zinafanana kwa mbali tu. Kwenye Minor mbao ndizo zimebeba gari: nyuma ya milango ya mbele, ubavu na paa vinasimama juu ya fremu ya mti wa ash. Kwenye Mini ni urembo uliobandikwa juu ya bodi kamili ya chuma.

Seremala_Pangani: Minor, bila kufikiri mara mbili. Yenye mbao za kubandika ni kabati la sebuleni, si gari la mbao.

Mpenda_Mbao: Niko Leeds, Uingereza. Sina gereji, litalala barabarani. Chini sijaangalia, ila mbao zinang'aa sana.

Bisibisi: Kung'aa ndiko kunakonitia shaka. Kuna Traveller ya 1967 iliuzwa inang'aa hivyohivyo. Muuzaji alijaza puti kwenye mbao zilizooza, akachora nyuzi za mti kwa brashi, akapiga vanishi juu. Bisibisi ilipoguswa kwenye boriti ya chini ya ubavu, ikaingia kama kisu kwenye papai. Maji yalianzia kwenye mfereji wa kioo cha pembeni, kile cha kusukuma: kitambaa chake hukaa na unyevu hadi kuota ukoga wa kijani, vitundu vya kutolea maji vikiziba maji yanashuka kwenye viungo vya ulimi, pale ncha ya ubao inapochomekwa kwenye tundu la mwingine. Na kubadilisha boriti ile si kazi ya saa mbili. Unatoa vioo, unatoa mabati ya alumini yaliyochomekwa kwenye mbao, unanyanyua paa, ndipo ubavu mzima unatoka. Bolti zimeshikana kwa kutu, na madigadi ya ndani ya chuma nayo yameliwa pale yanapokutana na mbao. Walioinunua walidhani wanabadilisha ubao mmoja. Waliishia na pande zote mbili na kuchomelea.

Mama_Karakana: Na usiseme "nitaona kwenye ukaguzi wa mwaka". Huko gari la zaidi ya miaka 40 ambalo halijabadilishwa sana halilazimiki kukaguliwa, kwa hiyo jicho ni lako. Chukua bisibisi, bonyeza sehemu tatu: boriti ya chini, juu ya gurudumu la nyuma, na miguu ya nguzo zinazoshika ile milango miwili ya nyuma. Weusi kwenye kiungo maana yake maji yameshapita chini ya vanishi. Weusi wa juujuu unatoka kwa asidi ya oksaliki, ila weusi wa kuoza hautoki.

Halafu magurudumu ya mbele. Tranioni za Minor (viungo vyenye nyuzi za skrubu vinavyoshika gurudumu la mbele) zisipopigwa grisi kila maili 3,000, nyuzi zinalika, kingpini (nguzo ambayo gurudumu hugeukia) inachomoka, gurudumu linalala chini ya bodi. Masta silinda, yaani pampu ya mafuta ya breki, nayo iko chini ya sakafu, miguuni pa dereva. Ukiona zulia limelowa pale, uliza.

Mzee_504: Ya nini mateso yote haya? Tafuta Peugeot 504 ya familia. Nyuma ina springi nne, inabeba ukoo.

Bisibisi: Mzee, ameuliza mbao.

Texas_Mswahili: Basi Ford Country Squire, stesheni wagoni ya Marekani. Tangu 1952 bodi ni chuma, na za baadaye ile "mbao" ni vinili ya Di-Noc, filamu ya kubandika yenye picha ya mbao. Haiozi. Jua likiipauisha au ikipasuka, unaipasha moto, unaibandua, unabandika nyingine kwa maji ya sabuni.

Seremala_Pangani: Stika! Mimi ningetoa ash nikaweka mvule. Mchwa wenyewe wanaukimbia.

Mama_Karakana: Hauozi, kweli, ila ash inapinda na kustahimili mishtuko, ndiyo sababu inatumika hata kwenye mipini ya shoka. Mvule nyuzi zake zimepishana, na mara nyingine una mawe ndani yanayokula meno ya msumeno. Utapindaje kipande cha mviringo?

Seremala_Pangani: Hapindi mtu. Unakata umbo.

Mama_Karakana: Unakata nyuzi, unaweza kupasuka palepale.

Bisibisi: Turudi kwa mwenye swali. Kwa kulala nje, Mini ina nafuu kidogo: mbao zikioza gari halianguki. Ila maji hutuama nyuma yake na kutoboa bati, kwa hiyo bandua kipande kimoja uone.

Mpenda_Mbao: Nimempigia mwenye Minor. Anasema mbao "zilifanyiwa kazi". Picha za chini hana.

Bisibisi: Zilifanyiwa na nani, seremala au fundi wa rangi?

Mzee_504: Na hiyo Minor ni ya cc 1098? Mlima wowote lori litakupita. 504 ya petroli ina cc karibu 2,000.

Texas_Mswahili: Mzee, hebu weka picha ya hiyo 504.