Tupeane uzoefu: umetaja bei ya nyumba, kisha mwenye nyumba amenyamaza

Habari zenu, wanajamvi. Mimi na mwenzangu tumeona nyumba ya vyumba vitatu huku Sakina, tukaikagua hadi juu ya dari, tukataja bei iliyo chini kidogo ya ile tuliyotajiwa na dalali. Tangu hapo hatujaambiwa ndiyo wala hapana. Nikipiga simu, dalali hunijibu kwamba mwenye mali bado anafikiria, tuvute subira. Kukataliwa tungekuvumilia, kwa kuwa aliyekataliwa hutafuta pengine. Kinachotutesa ni kwamba kodi ya tunapoishi inakaribia kuisha, mwenye nyumba wetu anataka ya miezi sita kwa mkupuo, nasi hatujui kama tuilipe au tuiache fedha hiyo kwenye fungu la kununulia. Mliopitia hali hii hapa Arusha au Moshi, naomba mtusimulie ilikuwaje.

Kutoka Rau, Moshi:
Poleni sana. Sisi tulipeleka bei katikati ya mwaka, kaka mkubwa wa familia akaipokea kwa mikono miwili na kutuandalia mtori, kisha kimya. Baadaye dada yake ndiye aliyetufungulia kwamba nyumba iliachwa na marehemu baba yao, kwamba wenzao wako Dar es Salaam, Mwanza na mmoja Uingereza, na kwamba hakuna atakayetamka neno mpaka wote warudi nyumbani Kilimanjaro mwezi wa Desemba na kukaa kikao. Anayewajua Wachaga hatashangaa. Kikao kilikubali, lakini hapakuwa na mtu wa kutia sahihi, kwa sababu mahakama ilikuwa haijamteua msimamizi wa mirathi. Maombi yakafunguliwa, tangazo likatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, nasi tukaendelea kupanga. Nyumba tuliipata kwa bei ileile, ingawa rangi ya vyumba niliyokuwa nimemchagulia binti yangu alikuwa ameshaichoka.

Kutoka Njiro:
Kwetu mume alikubali kwa mdomo siku ileile, ila mke wake hakuwa ameambiwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo wakili wetu alipotaka mke naye atie sahihi katika mkataba, muuzaji aliacha kupokea simu. Tuliachana nayo, na wala sijuti.

Kutoka Moshono:
Mchunguzeni dalali kwanza. Sisi tulikuja kukutana na mwenye nyumba msibani, akashangaa, kwa maana bei yetu haikuwahi kumfikia. Dalali alikuwa akiitembeza kwa wateja wengine ili wapande juu yake.

Kutoka Olasiti:
Wakati mnasubiri, ombeni upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kwa kutumia namba ya hati, mwone jina la mmiliki na kama kuna rehani au zuio. Nyumba niliyoisubiri ilikuwa imewekwa rehani benki, na muuzaji alikuwa anangoja kuambiwa deni lililobaki ndipo ajue bei gani ingemwachia chochote mkononi. Wengine hukwama wanapokumbushwa kodi inayotozwa kwenye faida ya mauzo, wakaanza kupiga hesabu upya bila kumweleza mnunuzi.

Mwanzisha mada:
Nawashukuru wote. Nimempigia dalali tena, na safari hii sikumwuliza jibu litatoka lini, bali ni nani na nani wanaopaswa kuridhia. Amesitasita, kisha akakiri kwamba wamiliki ni ndugu wawili na kwamba nyumba haina hati, ina karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa tu. Ameahidi kunipa namba ya ndugu wa pili. Aliyewahi kununua nyumba ya namna hiyo huku Sakina atueleze alithibitishaje umiliki kabla ya kulipa.