Kumchora mama akiwa maiti: ni mapenzi au ni kumvunjia heshima?

Mkoko: Wakuu, jambo hili linanisumbua tangu juzi. Lucian Freud, yule mchoraji wa London, mjukuu wa Sigmund Freud, maisha yake yote alichora watu wake wa karibu: wake zake, wapenzi, marafiki, mabinti. Baba yake alipofariki mwaka 1970, mama yake, Bi Lucie, alizama kwenye huzuni hadi akajaribu kujiua. Hapo ndipo mwanawe akaanza kumkalisha na kumchora, vikao zaidi ya 1,000. Alipofariki mwaka 1989, akamchora tena kwa mkaa, amelala maiti. Freud mwenyewe alisema zamani hakuweza kumchora kwa sababu mama alimfuatilia mno. Aliweza pale mama alipopoteza hamu naye. Sasa mtu aliyekata tamaa kiasi hicho, aliridhia kweli?

Shangazi Tanga: Kwetu maiti husitiriwa. Huoshwa na wachache, hufunikwa, hata jirani haangalii ovyo. Leo mtoto wa kumzaa anashika mkaa! Wenzetu hawana uchungu na wazazi. Wanawatupa kwenye nyumba za wazee, kisha wanalilia picha.

Mlezi Leicester: Shangazi, shikamoo. Hapo kwenye "kutupa" umenichoma. Mwaka wa tisa huu naosha wazee hapa Uingereza. Yupo mzee anayekuja kila jioni kumlisha mkewe uji kijiko kwa kijiko, na mke hamjui tena. Sisi tunatuma pesa kwa simu tunadhani tumelea. Huyo Freud alikaa na mama yake mara 1,000. Wewe umekaa na wako mara ngapi?

Shangazi Tanga: Marahaba. Mama yangu nilimuuguza miaka minne, nikimgeuza kitandani kwa mikono hii hii. Usinipigie hesabu, mwanangu. Hukuwepo.

Kinyozi: Tena mnamtetea bila kuziona picha zenyewe. Iko moja ya 1973, Large Interior W9. Mama kakaa kwenye kiti, nyuma yake kitandani kalala mpenzi wa mwanawe, kifua wazi, blanketi kiunoni. Mama na hawara chumba kimoja! Na chini ya kiti cha mama kuna kinu na mchi. Bibi yangu alikuwa anatufukuza tukikaribia tu kukalia kinu. Yule mama kawekwa juu yake.

Fundi Brashi: Kaka, hawakukaa pamoja. Kila mmoja alikuja kwa zamu yake, mchoraji ndiye aliyewakutanisha kwenye turubai. Na wachoraji tunasagia rangi kwenye kinu, ni chombo cha kazi.

Kinyozi: Afadhali wangekaa pamoja, wangejua wanafanywa nini! Kinu ni cha jikoni, cha mwanamke. Ukikiweka chini ya mjane unasema kitu, hata kama hukukusudia.

Mkoko: Tuache kinu. Nimeuliza kuhusu ridhaa.

Kinyozi: Ridhaa gani wakati wanaokaa hawapati chochote? Yule mwanamke mwingine aliyemchora, mnene, amelala kwenye sofa, picha yake iliuzwa kama dola milioni 30.

Fundi Brashi: Milioni 33.6, mnada wa Christie's, New York, 2008. Wakati ule hakuna msanii aliye hai aliyewahi kuuza kwa bei hiyo. Aliyekaa ni Sue Tilley, mfanyakazi wa ofisi ya ajira, na alikuwa akilipwa pauni 20 kwa siku. Hapo nakubaliana nawe kabisa, inauma. Lakini Tilley alizungumza hadharani, alijieleza. Bi Lucie sijasikia neno lake, ndiyo maana tunagombana.

Shangazi Tanga: Wewe fundi unaongea kama mtu aliyemchora wake.

Fundi Brashi: Nilimchora baba, mwaka wake wa mwisho, kisukari kimeshachukua mguu. Hakuwahi kuniambia ndiyo, wala hakunikataza. Alinikazia macho tu, na mara nyingine alisinzia nikaendelea. Nikichelewa aliuliza, "Leo huchori?" Watu wa nyumbani walikuwa wanaingia, wanampa dawa, wanatoka. Mimi nilikaa saa tatu nikitazama sikio lake. Mkoko, hilo ndilo jibu nililonalo kuhusu ridhaa. Sijui kama aliitaka picha. Najua alinitaka pale.

Mlezi Leicester: Hicho ndicho nilichokuwa nasema tangu mwanzo.

Shangazi Tanga: Hukusema hicho. Ulinitukana. Fundi, na alipofariki, ulimchora?

Fundi Brashi: Hapana. Nilikuwa na daftari barazani. Waosha maiti walipomaliza wakaniita nimuage, nikaliacha juu ya mkeka, nikaingia mikono mitupu.

Shangazi Tanga: Basi unajua ninachosema.

Fundi Brashi: Najua, Shangazi. Ila mpaka leo nikifunga macho sura inayonijia ni ile ya siku hiyo, na inafifia. Zile nilizochora zipo.

Kinyozi: Pole sana, kaka. Nilipaza sauti.

Mlezi Leicester: Angalau wewe uliitwa. Mama yangu nilimzika kwa simu. Shemeji alikuwa ameishika juu ili nione jeneza, mtandao ukakatika kabla hawajaliteremsha.