Fomu wani hawaelewi kitabu cha Jiografia, niwarahisishie au niwakomalie?

mwl_pasua: Habari za jioni wadau. Nafundisha Jiografia fomu wani hapa Moshi, darasa lina watoto 62, kitabu kimoja watu watatu. Msingi wamesoma kila kitu kwa Kiswahili sasa ghafla volkano yote ni Kiingereza. Juzi nimemsimamisha mmoja, kasoma aya vizuri tu mpaka nukta ya mwisho, namuuliza imesema nini, anaangalia dari. Basi siku hizi nawaandikia noti za Kiswahili ubaoni, vitabu viko kabatini. Ila mtihani wa fomu tuu hautakuja na noti zangu. Nifanyeje?

ticha_kijenge: Pole mwalimu, ila vitabu vitoe kabatini. Ukiwatafunia kila siku watatafuna lini wenyewe? Chukua aya moja tu, mistari kumi hivi. Kabla hawajafungua kitabu waulize kwa Kiswahili, Kibo na Mawenzi, vilele vya Kilimanjaro hapo dirishani, mbona kimoja kina kasoko, lile shimo la volkano, na kingine kimechongoka? Wataongea mpaka uwanyamazishe. Halafu weka ubaoni maneno mawili matatu yanayobeba aya, mfano dormant na extinct: Kibo imelala, Mawenzi na Shira, kilele cha tatu, zimekufa. Soma wewe kwa sauti wafuate kwa kidole, kisha wasome wawili wawili, mmoja anasoma, mwenzake anamkatisha kila nukta na kusema imesema nini, Kiswahili ruksa. Swali la mwisho ni moja kwa wote, kwa Kiingereza, wanaosuasua unawaanzishia sentensi. Aya ni ileile kwa darasa zima.

Baba Neema: Dakika 40, watoto 62, na silabasi inakimbia? Kwenye makaratasi inapendeza.

ticha_kijenge: Sijasema kila kipindi kaka, mara moja kwa wiki inatosha.

mama_ngaramtoni: Mimi ni mzazi tu. Hayo ya kumsimamisha mtoto asome mbele ya wote muache jamani, wangu alichekwa, sasa kila siku ya kipindi hicho tumbo linamuuma. Wawili wawili sawa.

mwl_pasua: Asanteni, na mama umenigusa. Leo nimejaribu, aya moja imekula kipindi kizima. Ila yule wa dari ndo alikuwa anabishana na mwenzake kwamba Kibo haijafa, imelala tu, na anamgongea kidole kwenye mstari wenyewe. Topiki sijamaliza lakini, mkuu wa idara ataniuliza Ijumaa 😅