Mashine ya kufulia "ya nyumba ndogo" imekula milioni moja na nusu yangu, na nguo bado nafulia kwenye beseni

Wakuu, salaam. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Naishi Kijitonyama, ghorofa ya pili, chumba na sebule, jiko limebanwa pembeni. Bafu na choo ni kitu kimoja, na mlango wake unafungukia ndani (huu mlango mtausikia tena huko mbele). Nina mtoto wa miezi minane. Mama aliyekuwa anakuja kunifulia amehama, na kibaraza changu kinatosha kamba mbili za nguo, ya tatu unaingia kwa jirani. Nikajibana mwaka mzima, nikashuka Kariakoo.

Duka silitaji. Kijana akanipokea vizuri, dada karibu, dada kaa. Nikamweleza kwangu padogo. Akanipeleka moja kwa moja kwenye mashine nyeupe ya mlango wa mbele: "Hii ndo ya apatimenti dada, inafua, inakausha, unatoa unavaa." Nikamuuliza ukubwa wake, akasema kilo nane. Nikamwambia nauliza inakaa nafasi kiasi gani. Akasema kilo nane dada, hata duveti inaingia. Mimi nauliza sentimita, mwenzangu ananijibu kilo! Ikabidi nisome mwenyewe kwenye boksi: upana 60, kimo 85, kina 53. Kona ya bafu nilikuwa nimeipima, upana 64 na kina 62. Nikatabasamu kama mjinga, nikalipa.

Kile kina cha kwenye boksi ni cha bodi tupu. Nyuma kuna bomba la kuingiza maji na kiwiko chake, kuna mpira wa kutolea maji machafu, hivyo mashine haigusi ukuta hata uisukume vipi. Ikaja mbele karibu sentimita kumi. Halafu ule mlango wa duara nao unataka nusu mita ya kufungukia, na mbele yake kuna sinki la choo. Unafunguka nusu, unagonga sinki, basi. Wakuu, mimi natoa nguo kwenye hii mashine nikiwa nimekaa juu ya choo, mkono mmoja ndani, navuta kanga kwa ncha kama natoa mkonge. Mlango ungekuwa unageuzwa kama wa friji ningegeuza. Huu haugeuzwi.

Hilo ningelimeza. Siku ya kwanza fundi wao alikuja, akaunga bomba, akachomeka, akachukua elfu thelathini, akaondoka. Nyuma ya mashine za aina hii kuna bolti nne zinazoshikilia pipa lisicheze njiani. Zinatakiwa kutolewa kabla hujawasha, kitabu kinasema hivyo ukurasa wa mwanzo kabisa. Hakutoa hata moja. Ilipofika kwenye kukamua, nyumba ikatetemeka, nikadhani lori limegonga ukuta. Nakimbilia bafuni, mlango hausukumiki. Mashine imetembea! Imetoka konani kwake imekuja kuegemea mlango kwa ndani, inaruka, mtoto analia mgongoni, jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio. Nikazima swichi kubwa. Mlango tuliusukuma watu wawili mpaka ukaachia upenyo wa kupitisha mkono.

Fundi nilipompigia akaniuliza: "Kwani bolti hukutoa?"

Sasa maji. Tenki letu liko juu ya paa, kutoka kwangu ni kama mita mbili tu kwenda juu. Mashine hii inataka presha isiyopungua ile ya tenki lililoinuliwa mita tano juu ya bomba. Kwangu maji yanaingia kama machozi, mashine inasubiri, inachoka, inaandika kosa kwenye kioo na kulia pii pii pii. Suluhisho la duka: ninunue pampu ya kuongeza presha. Nikaiweke wapi, chini ya mto?

Na huko kukausha ndiko walikonimaliza kabisa. Hizi kilo nane zilizobandikwa kwa maandishi makubwa mbele ni za kufua. Za kukausha ni tano, na hiyo tano imejificha kwenye jedwali ndani ya kitabu. Ukijaza nguo za kufua ukaacha ziendelee mpaka kukauka, unatoa donge la moto lililolowa. Inabidi usimamishe katikati, upunguze karibu nusu, zile zilizobaki uziweke kwenye beseni zisubiri zamu. Halafu sikujua kabisa kwamba yangu inakausha kwa kutumia maji: inapuliza hewa ya moto, kisha inapitisha maji ya baridi ili ule mvuke ugeuke maji na kumwagwa. Maji yakikatika, kukausha nako kumekwama. Na hayo maji "ya baridi" kwangu yanatoka kwenye tenki lililoshinda juani Dar es Salaam hii.

Nilisoma uniti zilizobaki kwenye mita ya umeme, LUKU, kabla na baada ya mzunguko mmoja kamili: 38.2, ikabaki 33.1. Uniti tano na ushee kwa nguo za mtoto na mashuka mawili. Nikifua mara tatu kwa wiki zinakwenda uniti sitini kwa mwezi kwenye mashine peke yake, na mimi niko kwenye ile tarifu ndogo ya wasiozidi uniti 75. Friji na taa navitoa wapi?

Kinachoniuma zaidi ni hili neno "inakausha". Nimerudi Kariakoo na kupita maduka manne kwa makusudi, nasikiliza tu. Mashine ya matanki mawili, ile ya kumwagia maji kwa ndoo, wanasema inafua na kukausha, kumbe ile inakamua tu, nguo unaanika. Ya mlango wa juu, inafua na kukausha: inakamua. Ya kwangu yenye hita, inafua na kukausha. Neno moja kwa mashine tatu tofauti, na hakuna muuzaji aliyemuuliza mteja nyumbani mlango unafungukia upande gani, maji yanatoka wapi, kibaraza kina jua. Mimi kibaraza changu kinapigwa jua tangu saa nne asubuhi. Nguo iliyokamuliwa vizuri pale haimalizi masaa mawili. Matanki mawili, robo ya bei niliyolipa, haina habari na presha, na siku ya wageni unaisukuma pembeni mtu mmoja. Ningejua!

Wanaosema "ungesoma kitabu": kitabu kiko ndani ya boksi, na boksi hufunguliwi mpaka ulipe. Wanaosema nirudishe: risiti imegongwa muhuri, MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikawakumbusha kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani (FCC) wapo. Meneja akacheka, akasema dada mashine si inawaka? Barua ya FCC nimeshaandika, kesho naipeleka kwa mkono.

Kama kuna mkuu mwenye bafu kubwa na tenki refu, njoo PM tuzungumze bei. Bolti nne zipo, nimezifunga kwenye mfuko wa nailoni. Kwa sasa mashine iko konani kwake, juu nimeweka beseni, na kwenye beseni nimeloweka nepi.