Mrejesho: vipimajoto vimenionyesha maji yanakokwenda

Ndugu zangu, salaam. Niliuliza nitajuaje kama kijito chetu hapa Kitui kinapoteza maji mchangani au kinayapokea kutoka chini, mkanishauri nizike vipimajoto vinavyojirekodi. Nimefanya hivyo, na nimefurahi kwelikweli.

Nilivifunga vinne kwenye bomba la plastiki: kimoja majini, vingine sentimita 5, 15 na 30 chini ya mchanga. Mwanzo nilitumia bomba la chuma, likawa linapitisha joto lenyewe. Data yote ile nimeitupa.

Nilichokielewa ni hiki: maji hupata joto mchana na kupoa usiku, na wimbi hilo la joto hushuka mchangani likififia na kuchelewa. Kwenye mchanga uliolowa ambao maji yake yametulia, kufika sentimita 15 hivi hubaki zaidi kidogo ya theluthi ya wimbi, na kilele huchelewa karibu saa 4. Maji yakizama hubeba joto, kwa hiyo wimbi hufika mapema na likiwa na nguvu zaidi. Yakipanda, hulizima upesi.

Upande wa juu wa bwawa la mchanga (ukuta unaokatiza kijito ili mchanga ujae nyuma yake na kushika maji), kilele cha sentimita 15 kilichelewa chini ya saa 2. Maji yanazama. Upande wa chini, karibu na mkuyu, joto la kina hichohicho halikutikisika kabisa, pale yanapanda.

Aliyeniambia nipime upya kina cha vipimajoto baada ya mafuriko, asante sana. Mvua moja tu iliongeza mchanga sentimita 8, na hesabu zangu zingepotoka zote. Sasa nakokotoa kiasi kinachozama kwa siku.